Kutunza Ngozi Baada ya Matibabu ya Leza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu waliokwisha kutibiwa kwa leza na wale wanaojiandaa kutibiwa, ambao wangependa kujua ngozi yao itapitia nini katika siku na miezi inayofuata. Hayachukui nafasi ya maelekezo ya daktari aliyekutibu. Pale yanapopishana na maneno yake, mfuate yeye, kwa kuwa ndiye anayejua mashine iliyotumika, nguvu iliyowekwa na jinsi ngozi yako ilivyoitikia siku ile.

Kwa nini maelekezo niliyopewa yanatofautiana na ya mwenzangu, ilhali sote tulitibiwa kwa leza?

Kwa sababu mashine za leza ni za aina nyingi, na kila aina huijeruhi ngozi kwa namna yake. Mwanga wa leza huwa na urefu maalumu wa wimbi, na urefu huo ndio unaoamua ni kitu gani ndani ya ngozi kitakachoufyonza na kupata joto. Leza ya kaboni dayoksaidi, yenye wimbi la nanomita 10,600, na ile ya erbiamu, yenye nanomita 2,940, hufyonzwa na maji. Na kwa kuwa seli za ngozi zimejaa maji, tabaka la juu huvukizwa na mgonjwa huondoka akiwa na kidonda kilicho wazi. Leza za kuondoa nywele hulenga melanini, yaani rangi ya asili iliyomo kwenye nywele na ngozi, zile za kutibu mishipa midogo iliyotanuka hulenga damu, na zile za kufuta tatuu hulenga chembe za wino. Hizi kwa kawaida hupenya tabaka la juu bila kulifungua, zikapasha joto shabaha iliyo chini yake. Nadharia ya kwamba mwanga unaweza kuchagua shabaha kwa njia hii ilielezwa na madaktari wa ngozi Rox Anderson na John Parrish mwaka 1983, na sehemu kubwa ya matibabu ya leza yanayotolewa leo imejengwa juu yake.

Katikati ya makundi hayo mawili zipo leza za vitundu, zilizoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Hazichomi eneo lote, bali huunguza au hutoboa vinjia vyembamba mno na kuacha ngozi nzima baina yake. Ngozi hiyo iliyobaki nzima ndiyo inayotoa seli za kuziba vitundu, na ndiyo maana mtu hupona haraka zaidi.

Kwa hiyo, swali la kumuuliza aliyekutibu kabla hujatoka chumbani ni hili: ngozi yangu imefunguliwa, au imebaki imefunga? Karibu kila jibu lililo hapa chini linategemea hilo. Ushauri wa mtu aliyetibiwa kwa mashine ya aina nyingine unaweza kukudhuru, hata kama umetolewa kwa nia njema na yeye mwenyewe amepona vizuri.

Kupona kunachukua muda gani?

Kuna kupona kwa namna mbili, na zisichanganywe. Kwanza ni kufunga kwa tabaka la juu. Baada ya leza ya kaboni dayoksaidi iliyopitishwa eneo lote la uso, kazi hiyo huchukua takriban siku 7 hadi 10, na kwa erbiamu siku huwa pungufu kidogo. Leza ya vitundu inayovukiza ngozi huhitaji siku 3 hadi 6 hivi. Leza isiyofungua ngozi haiachi kidonda cha kufunga. Wekundu na uvimbe wake hutulia baada ya saa chache au siku chache tu.

Pili ni kujijenga kwa tabaka la ndani, ambako kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) ya zamani huvunjwa na mpya kusukwa kwa muda wa miezi 3 hadi 6, na wakati mwingine karibu mwaka mzima. Katika kipindi hicho ngozi huonekana imepona kwa nje ilhali bado ni nyembamba, hupoteza maji kwa urahisi na huchokozeka kwa vitu ambavyo zamani ilivivumilia. Kwa maoni yangu, matatizo mengi yanayoweza kuepukika huanzia hapa: magamba yamekwisha kudondoka, uso unang'aa, na mtu anarudia mafuta yake, dawa zake na jua lake kana kwamba hakuna lililotokea.

Mahali palipotibiwa nako kuna uzito wake. Uso hupona haraka kuliko shingo, kifua na miguu, kwa sababu una vinyweleo na tezi za mafuta kwa wingi, na seli mpya za tabaka la juu huchipuka kutoka humo. Uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha uponaji popote pale.

Ni mambo gani ya kawaida katika siku za mwanzo?

Joto kama la kuunguzwa na jua, wekundu na uvimbe huonekana karibu kwa kila mtu, na uvimbe wa macho huwa mkubwa zaidi asubuhi ya siku ya pili au ya tatu kwa sababu maji hushuka usoni mtu anapolala. Kulalia mito miwili kunasaidia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kama wekundu. Hujitokeza kama weusi uliokolea au rangi ya zambarau, kwa hiyo ni vyema kupima hali kwa joto, uvimbe na maumivu badala ya kutegemea rangi pekee.

Zaidi ya hayo, kila matibabu yana dalili zake. Leza iliyofungua ngozi hutoa majimaji mepesi ya rangi ya manjano kwa siku mbili tatu, ambayo hukauka na kuwa vigaga yasipooshwa. Leza ya vitundu isiyovukiza huacha ngozi ikiwa na rangi ya shaba na mkwaruzo kama wa msasa. Vidoadoa vinavyoleta mkwaruzo huo ni mabaki ya seli zilizokufa yanayosukumwa nje, na hupukutika yenyewe kati ya siku ya 3 na ya 7 kwa uso. Baada ya kuondoa nywele, vijivimbe vidogo huzunguka kila shimo la unywele kwa saa chache hadi siku mbili, na hiyo ni dalili kwamba shina limepata joto lililokusudiwa. Leza ya mishipa ya damu inaweza kuacha michubuko ya zambarau inayodumu siku 7 hadi 14. Kwenye tatuu, weupe unaotokea papo hapo ni viputo vya gesi na hupotea ndani ya nusu saa hivi, kisha malengelenge yanaweza kufuata siku hiyohiyo au kesho yake.

Lengelenge lisitumbuliwe. Ngozi inayolifunika ni bandeji bora kuliko yoyote utakayonunua. Likipasuka lenyewe, safisha kwa maji na sabuni laini, paka mafuta mazito, funika kwa shashi isiyonata, na umjulishe aliyekutibu iwapo ni kubwa au liko mahali ambapo hukuambiwa ulitarajie.

Nioshe vipi, na nipake nini?

Kama ngozi imebaki imefunga, kazi ni ndogo: maji ya uvuguvugu au ya baridi, sabuni laini isiyo na manukato, mafuta ya kawaida ya kulainisha, na krimu ya kukinga jua. Kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji baridi kinaweza kuwekwa kwa dakika 10 hivi, mara kadhaa kwa siku. Barafu isigusishwe moja kwa moja kwenye ngozi, kwani ganzi iliyobaki inaweza kukuzuia kuhisi kwamba baridi nayo inaunguza.

Kama ngozi imefunguliwa, utaratibu ni mzito kidogo na hurudiwa kila baada ya saa chache mchana kutwa kwa siku za mwanzo. Nawa mikono kwanza. Lowesha shashi kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, au kwa maji ya chumvi ya hospitali, uiweke juu ya ngozi mpaka vigaga vilainike, kisha uvipanguse bila kusugua. Kile kisichotoka kwa kupanguswa hakijawa tayari kutoka. Madaktari wengine huagiza siki nyeupe iliyozimuliwa sana, kijiko kimoja cha chai katika vikombe viwili vya maji, ili kuzuia bakteria. Usiitumie bila kuagizwa, na usiikoleze kwa kudhani kwamba ikiwa kali itafanya kazi zaidi. Baada ya hapo paka mafuta ya mgando yasiyo na rangi wala harufu, kiasi cha kutosha ngozi isikauke hata kidogo mpaka zamu inayofuata. Chota mafuta kwa kijiti safi au kijiko kilichochemshwa. Ukitumbukiza vidole ndani ya kopo unapanda vijidudu utakavyojipaka kesho.

Ngozi ikishafunga, mafuta ya mgando yapunguzwe na nafasi yake ichukuliwe na krimu nyepesi ya kulainisha. Wanaoendelea nayo kwa wiki nyingi hupata chunusi na vipele vyeupe vigumu vya chini ya ngozi, ambavyo huondoka taratibu mafuta yakishaachwa.

Nimezoea kuacha kidonda kikauke na kupata hewa. Kwa nini naambiwa nikiweke na unyevu?

Mazoea hayo yana mizizi mirefu, na si rahisi kuyaacha. Hata hivyo, mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha majaribio aliyoyafanya kwenye ngozi ya nguruwe, akaonyesha kwamba vidonda vilivyofunikwa vikabaki na unyevu vilifunga kwa takriban nusu ya muda wa vile vilivyoachwa vikauke. Sababu yake inaeleweka: seli mpya hutambaa kutoka pembeni na kutoka kwenye mashimo ya nywele, na zinapokuta kigaga kigumu hulazimika kupita chini yake. Kigaga kinene kinapobanduliwa kwa kucha huondoka na seli hizo changa, na mahali hapo ndipo kovu au doa huanza.

Je, naweza kuongeza dawa nyingine ili nipone upesi?

Usiongeze. Krimu za antibayotiki zinazouzwa bila cheti cha daktari, hasa zenye neomaisini, huwapa baadhi ya watu mzio wa ngozi, na mzio juu ya kidonda cha leza huonekana kama maambukizi na kuwachanganya hata wataalamu. Limau, asali, dawa ya meno na majani ya kusagwa havina nafasi juu ya ngozi iliyo wazi, wala mafuta yenye manukato, vitamini C, spiriti au krimu za kuchubua magamba. Krimu ya steroidi, ambayo hutuliza uvimbe, ni dawa halali inapotolewa na daktari kwa siku alizozihesabu; ukijiandikia mwenyewe inaweza kuchelewesha kidonda kufunga na kuficha dalili za maambukizi.

Ngozi iliyotoka kwenye leza inahitaji vitu vitatu pekee: usafi, unyevu na kivuli. Mtu aliyenunua chupa saba za kumsaidia kupona kwa kawaida amenunua chupa tano za kumchelewesha.

Ngozi yangu ni nyeusi. Kweli nahitaji krimu ya kukinga jua?

Unaihitaji, na pengine kuliko mwenye ngozi nyeupe, ingawa si kwa sababu ileile. Melanini hukinga ngozi nyeusi isiungue upesi, lakini seli zinazoitengeneza huwa nyepesi kuamka zinapochokozwa, na joto la leza limekwisha kuzichokoza. Jua likiongezwa juu ya hapo, matokeo ni madoa meusi yanayoweza kudumu kuliko tatizo lililokupeleka kutibiwa. Inafaa kukumbuka kwamba kipimo cha aina za ngozi ambacho madaktari wengi wa leza hukitumia, kilichobuniwa na daktari wa ngozi Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, awali kilihusu ngozi nyeupe tu. Aina ya 5 na ya 6, yaani ngozi ya kahawia na nyeusi, ziliongezwa baadaye. Mashauri mengi ya zamani kuhusu jua yaliandikwa kwa kuzingatia kuungua, nasi tunayasoma tukidhani hayatuhusu.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, hasa sehemu yake ya buluu, nao huifanya ngozi nyeusi itoe rangi, na krimu nyingi za kukinga jua hazizuii mwanga huo. Zinazouzuia ni zile zenye rangi, ambazo huchanganywa na oksidi za chuma pamoja na oksidi ya zinki au ya titaniamu. Zina faida nyingine pia, kwamba haziachi weupe kama wa majivu usoni. Chagua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi na inayokinga UVA na UVB, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, paka kiasi cha kijiko cha chai kwa uso na shingo, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje, au mapema zaidi ukitoka jasho. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya UVB lakini hupitisha UVA nyingi na mwanga unaoonekana, kwa hiyo anayeketi kando ya dirisha la gari au la ofisi hajakaa kivulini.

Krimu hiyo isipakwe kwenye kidonda kilicho wazi. Mpaka ngozi ifunge, kinga yako ni kukaa ndani, na kofia ya ukingo mpana au mtandio usiokwaruza ukilazimika kutoka. Baada ya leza iliyovukiza ngozi, kinga kali iendelee kwa angalau miezi 3. Baada ya kuondoa nywele au kutibu madoa, iendelee katika kipindi chote cha vikao na wiki 4 hadi 6 baada ya kikao cha mwisho.

Ngozi ilipona vizuri, kisha wiki ya tatu au ya nne ikaanza kuwa nyeusi. Nini kimetokea?

Huo ndio muda ambao weusi unaofuata uvimbe hupenda kujitokeza, na kuchelewa kwake ndiko kunakowashtua watu waliokwisha kuamini kuwa wamevuka salama. Seli zilizochokozwa na joto zimezalisha melanini kuliko kawaida. Rangi ikibaki kwenye tabaka la juu, doa huwa la kahawia na hufifia kwa miezi michache kadiri ngozi inavyojibadilisha. Ikidondokea tabaka la ndani, huwa na ukijivu au ubuluu na hukaa muda mrefu zaidi. Katika hali zote mbili, kwa wengi hali hii si ya kudumu.

La kwanza ni kurudi kwa aliyekutibu, na la pili ni kukaza kinga ya jua. Daktari anaweza kukuanzishia asidi ya azelaiki, dawa za jamii ya retinoidi (zinazohusiana na vitamini A), au haidrokwinoni, dawa ya kufifisha madoa, kwa muda wenye kikomo. La kuepuka kabisa ni kukimbilia krimu za kujichubua zisizo na maelezo ya kueleweka ya vilivyomo. Baadhi zimekutwa na zebaki, ambayo huharibu figo, na nyingine zina steroidi kali zinazoikondesha ngozi. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa kwa miaka bila usimamizi, inaweza kuleta weusi wa kibuluu ambao ni mgumu sana kuutibu, mgumu kuliko doa ulilotaka kuliondoa. Pia usikubali kikao kingine cha leza juu ya doa hilo kwa haraka, hata ukiahidiwa punguzo la bei. Ngozi ambayo bado imechokozeka ikiongezewa joto huongeza rangi.

Je, ngozi inaweza kuwa nyeupe badala ya nyeusi?

Inaweza. Mara nyingine weupe hufuata lengelenge au kigaga, na rangi hurudi polepole kwa wiki au miezi. Weupe unaohitaji uangalifu zaidi ni ule unaochelewa, ambao baada ya leza ya kaboni dayoksaidi iliyopitishwa eneo lote unaweza kujitokeza miezi 6 hadi 12 baadaye na ukawa wa kudumu. Hilo ni mojawapo ya mambo yaliyowafanya madaktari wengi wahamie leza za vitundu, na kwa wenye ngozi nyeusi ni sababu ya kutosha ya kuuliza maswali mengi kabla ya kukubali leza ya kupitishwa eneo lote.

Nitajuaje kwamba nimepata maambukizi?

Angalia mwelekeo wa dalili kuliko dalili moja moja. Uponaji wa kawaida hupunguza maumivu siku baada ya siku. Maumivu yanayoanza upya au kuzidi kuanzia siku ya 2 au ya 3 ni onyo, hata kama ngozi haionekani kuwa mbaya. Maonyo mengine ni usaha wa manjano au wa kijani, harufu mbaya, joto linaloenea nje ya eneo lililotibiwa, homa, na kidonda kilichokuwa kinafunga kikaanza kufunguka. Mwasho mkali wenye vipele vidogo vyeupe unaweza kuwa fangasi.

Virusi vya herpesi, vile vinavyoleta malengelenge ya mdomoni, vinastahili kutajwa peke yake. Hukaa mwilini kimya kwa miaka na joto la leza huweza kuviamsha, na juu ya ngozi iliyofunguliwa vinaweza kusambaa usoni kote na kuacha makovu. Vikundi vya vidonda vidogo vya mviringo vinavyouma au kuchonyota sana vinahitaji daktari siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, wanaofanyiwa leza ya kuvukiza ngozi ya uso kwa kawaida hupewa dawa ya kumeza ya kuzuia virusi, kama asikloviri, kuanzia siku moja kabla au siku yenyewe mpaka ngozi ifunge, na isikatishwe kwa kuwa mambo yanaonekana shwari. Mwambie daktari mapema ikiwa umewahi kupata malengelenge hayo hata mara moja tu.

Maumivu ya jicho, kuona ukungu au kuona madoa baada ya leza iliyofanywa karibu na macho ni dharura, na hayapaswi kusubiri kesho.

Nifanye nini na maumivu na mwasho?

Parasetamoli inatosha kwa wengi. Anayetumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda kwa maagizo ya daktari wa moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwasho huja ngozi inapofunga, mara nyingi usiku. Maji baridi, mafuta ya kulainisha na, daktari akikubali, kidonge cha kupunguza mzio huutuliza. Kata kucha.

Ni lini nitarudia vipodozi, mazoezi, kuogelea na dawa zangu za uso?

Baada ya leza isiyofungua ngozi, vipodozi vyepesi vinaweza kurudi kesho yake ikiwa joto na uvimbe vimetulia, na mazoezi yanayotoa jasho baada ya saa 24 hadi 48. Kama ngozi ilifunguliwa, yote hayo yasubiri mpaka ifunge kabisa, yaani isitoe majimaji na isichonyote inapoguswa na maji, na bwawa la kuogelea lisubiri siku kadhaa zaidi. Sponji na brashi za zamani za vipodozi zisirudi usoni bila kuoshwa.

Retinoli, asidi za kuondoa magamba na krimu za chunusi zisubiri wiki 1 hadi 2 baada ya leza nyepesi, na wiki 4 au zaidi baada ya ile iliyovukiza ngozi. Zirudishe moja moja, siku zisizofuatana, ili likitokea tatizo ujue limeletwa na ipi.

Niliondolewa nywele, na sasa naona zinaota tena. Je, leza haikufanya kazi?

Subiri kidogo. Kati ya wiki ya 1 na ya 3, nywele zilizouawa husukumwa nje, na kwa macho zinafanana na zinazoota. Ukizivuta kwa upole zinatoka bila kuuma. Huna haja ya kuzing'oa zote. Sugua taratibu kwa taulo laini wakati wa kuoga, nazo zitadondoka. Kunyoa kwa wembe kunaruhusiwa ngozi ikishatulia, lakini kung'oa na kutumia nta kuachwe mpaka vikao vyote viishe, kwa sababu leza huhitaji unywele ulio ndani ya shimo ili joto lifike kwenye shina. Vikao hupangwa kila baada ya wiki 4 hadi 8 kwa kuwa nywele huota kwa zamu, na zile zilizokuwa zimepumzika siku ya kwanza hazikuguswa.

Mimi hupata keloidi. Niangalie nini?

Angalia taya, shingo, kifua na mabega, ambako makovu manene hupenda kuota. Mstari au sehemu inayobaki ngumu, inayowasha na kuinuka wiki kadhaa baada ya ngozi kufunga isisubiri kuwa kubwa. Sindano za steroidi ndani ya kovu na vibandiko vya silikoni hufanya kazi vizuri zaidi kovu likiwa changa. Mwenye historia ya keloidi anapaswa kuitaja kabla ya kutibiwa, na kuomba ikiwezekana eneo dogo lisiloonekana lijaribiwe kwanza.

Nimewahi kumeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi. Je, nisubiri?

Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa wasubiri miezi 6 hadi 12 baada ya kumaliza dawa hiyo. Mwaka 2017 wataalamu waliopitia tafiti zilizokuwepo walihitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuchelewesha leza za kuondoa nywele, za mishipa ya damu na za vitundu, ila walibakiza tahadhari kwa leza ya kuvukiza uso mzima. Ukiambiwa usubiri bado, ni haki ya daktari kuwa mwangalifu. La msingi ni ajue kwamba uliitumia na uliacha lini.

Nijiandae vipi kwa kikao kinachofuata?

Piga picha za eneo lililotibiwa mahali pamoja na kwa mwanga uleule: siku ya kwanza, wiki ya kwanza na wiki ya nne. Omba uandikiwe aina ya mashine na kiwango cha nishati kilichotumika, hasa kama huenda ukatibiwa mahali pengine. Ukifika, eleza kila lengelenge, doa au mwasho uliopata hata kama umekwisha, kwa sababu daktari hupunguza au huongeza nguvu kwa kutegemea taarifa hizo. Kama umepigwa na jua kali katika wiki 4 zilizopita, au doa la kikao kilichopita bado lipo, omba tarehe isogezwe mbele.